Pwani ya Amalfi Mwanzoni mwa Majira ya Joto

Kusini mwa Italia, baina ya Naples na Salerno, iko pwani ambayo milima imeshuka hadi majini bila ya kuacha uwanda wa kutosha kwa shamba wala kwa mji, na watu walioichagua kuwa maskani yao wakalazimika kujenga nyumba juu ya nyumba, kupanda miti juu ya kuta, na kuifanya bahari kuwa njia yao kuu kwa karne nyingi. Hiyo ndiyo Pwani ya Amalfi, ianziayo Positano upande wa magharibi na kuishia Vietri sul Mare upande wa mashariki, ambayo mwaka 1997 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Uzuri wake umekwisha kusifiwa mno. Lakini namna ya kuufikia uzuri huo, kwa wakati gani, kwa chombo gani na kwa adabu gani, ni jambo linalostahili kuelezwa kwa utulivu, maana wengi huenda huko kila mwaka wakarejea na kumbukumbu ya foleni kuliko kumbukumbu ya nchi. Rai yangu ni moja, na yote yatakayofuata ni matawi yake: nchi ile ni nyembamba, na safari ya kwenda huko haina budi kupangwa kwa kufuata wembamba wake.

La kwanza ni wakati. Mwezi wa Julai na wa Agosti Waitalia wenyewe huwa katika likizo, na kilele chake ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ambayo karibu nchi nzima huhamia pwani. Wakati huo joto ni kali, vyumba ni ghali, na vijia vya Positano havipitiki ila kwa kusukumana. Bali kutoka wiki ya mwisho ya Mei hadi katikati ya Juni hewa huwa tulivu, joto la mchana aghalabu ni nyuzi 24 hadi 28, mvua ni haba, na jua huchwa karibu na saa mbili u nusu usiku, hata msafiri hupata mchana mrefu wa kutembea na bado akapata wasaa wa kupumzika. Bahari huwa na nyuzi 21 hivi, na aliyezoea maji ya Mombasa au Unguja ataiona baridi mwanzoni, lakini haimzuii mtu kuoga. Ziko siku mbili za kuziangalia katika kalenda. Tarehe 2 Juni ni Siku ya Jamhuri, ukumbusho wa kura ya mwaka 1946 iliyouondoa ufalme, na ikiangukia karibu na mwisho wa wiki watu hufurika. Tarehe 27 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea mjini Amalfi, ambapo wachukuzi huipandisha sanamu yake mbio juu ya ngazi ndefu za kanisa kuu, wakikumbuka tufani ambayo, kwa imani yao, iliuokoa mji na manowari za Khairuddin Barbarossa, amiri wa Waturuki, mwaka 1544. Apendaye kuliona tamasha hilo na aweke chumba mapema sana. Apendaye utulivu na aondoke kabla yake.

La pili ni ruhusa ya kuingia. Wenye pasi za Afrika Mashariki huhitaji viza ya Schengen, ambayo huruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila muda wa siku 180. Maombi yake hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala hayafai kuchelewa hadi zikabaki siku chini ya 15. Kwa hiyo mwenye nia ya kusafiri mwanzoni mwa Juni aweza kuanza mwanzoni mwa Desemba, na ni busara asingoje Aprili, wakati miadi ya kupeleka maombi huwa adimu. Hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa malazi na wa safari ya kurudi, na hati za benki zionyeshazo kwamba msafiri ana uwezo wa kujikimu. Mambo haya si magumu kwa mwenye kuyatengeneza kwa taratibu, lakini humwelemea anayeyakusanya kwa pupa.

Sasa njia. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam msafiri aweza kufika Roma kwa kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, na kutoka Roma treni ya kasi humfikisha Salerno kwa muda wa saa mbili hivi. Hapo ndipo wageni wengi wakoseapo, kwa kukodi gari. Barabara ya pwani, iliyochongwa katika majabali karne ya 19 zama za wafalme wa Bourbon, ni moja tu. Ina kona zisizohesabika, na mahali pengi mabasi mawili hayapishani mpaka moja lirudi nyuma. Ili kupunguza msongamano, tangu mwaka 2022 serikali imeweka zamu: katika siku za wageni wengi magari yasiyo ya wenyeji hupita kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba zake, siku hii ya shufwa na siku hii ya witiri. Mtu mwenye akili ataiacha barabara hiyo kwa wenye shughuli zao, akapanda boti. Gati iko karibu na stesheni ya Salerno, na boti za abiria hufika Amalfi kwa kiasi cha dakika 35, ilhali msafiri akiviona vijiji vyote kutoka upande vilikojengwa kuonekana, yaani upande wa bahari. Tahadhari moja tu: bahari ikichafuka boti haziondoki, basi asiweke siku ya kuondoka kijijini kuwa ndiyo siku ya ndege yake. Mabasi nayo yapo na ni rahisi kwa bei; tiketi hununuliwa kabla ya kupanda, aghalabu katika maduka ya tumbaku.

Katika malazi, wembamba wa nchi hudai mambo mawili. Kwanza, mtu achague kijiji kimoja akae hapo, asihamehame kila usiku na mizigo yake. Positano ni mashuhuri na ghali kuliko vyote. Minori, Maiori na Cetara ni vijiji vya watu wenye kazi zao, bei yake ni ya wastani, na jioni mgeni atawaona wazee barazani na watoto wakicheza mpira mbele ya kanisa. Atrani, mwendo wa dakika 10 kwa miguu kutoka Amalfi, ndiyo wilaya ndogo kuliko zote katika Italia kwa eneo. Pili, kabla ya kulipia chumba na aulize ngazi zina vidato vingapi kutoka barabarani hadi mlangoni, maana nyumba nyingi hazifikiwi na gari, na mzigo mkubwa huwa adhabu. Begi moja la mgongoni lina faida kuliko masanduku mawili ya magurudumu.

Akiisha kufika, na ajue ardhi aikanyagayo. Amalfi, ambayo leo ina wakazi wachache kuliko mitaa mingi ya miji yetu, ilikuwa dola ya mabaharia katika karne ya 10 na ya 11, na wafanyabiashara wake walikuwa na makao Constantinople, Cairo na Aleksandria. Walipiga sarafu za dhahabu zilizoitwa tarì kwa kuiga robo dinari za Waislamu wa Sisilia, na maandishi yake ya Kiarabu yakaigwa pamoja nazo. Sheria zao za bahari, zielezazo haki za nahodha, za mabaharia na za wenye mali iliyotoswa wakati wa dhoruba, zilifuatwa mbali katika Mediterania. Milango ya shaba ya kanisa kuu, kazi ya mafundi wa Constantinople katika karne ya 11, ingalipo, na ubavuni mwake upo ua wa karne ya 13 wenye matao yaliyopindana kwa mtindo ambao macho ya mtu wa pwani yetu hayatauona kuwa mgeni. Watu wa Pisa waliuteka na kuupora mji huo mwaka 1135 na tena mwaka 1137, na tufani ya mwaka 1343 ikaichukua sehemu kubwa ya mji wa chini na bandari yake. Tangu hapo utukufu wa bahari ulikwisha, ikabaki kazi ya mikono.

Katika kazi hizo ya kwanza ni karatasi. Nyuma ya mji, katika bonde la mto Canneto, kinu kimoja cha kale kimefanywa makumbusho, na hapo mgeni huonyeshwa ufundi ambao watu wa Amalfi waliupata kwa Waarabu. Matambara ya kitani na pamba yalichanwa, yakarowekwa, kisha yakapondwa katika mahodhi ya mawe kwa nyundo za mti zenye misumari, zikiinuliwa na kuangushwa na gurudumu la maji, hadi yakawa uji mweupe. Fundi huchovya kiunzi chenye wavu wa nyaya katika uji huo, hukiinua kwa mikono miwili, hukitikisa kidogo ili nyuzi zishikamane na maji yachuruzike, kisha hukipindua juu ya kitambaa cha sufu. Karatasi hubanduka ikiwa laini na yenye maji, ikangoja kugandamizwa na kuanikwa. Mwaka 1231 Mfalme Frederick wa Pili alikataza karatasi kutumiwa katika hati za serikali kwa kuhofia kwamba haidumu kama ngozi. Lakini karatasi ilishinda, na bado hutengenezwa huko.

Kazi ya pili ni malimau, na hii humtaka msafiri atoke mjini. Kati ya Maiori na Minori ipo njia ya miguu, Njia ya Malimau, ipitayo katikati ya matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yasiyotiwa chokaa. Limau la hapo, liitwalo sfusato, ni refu lenye ncha, ganda lake lina harufu kali, na nyama yake nyeupe ni tamu hata wenyeji hulikata vipande wakalila kwa chumvi au sukari. Miti hulelewa juu ya vichanja vya miti ya chestnut, na wakulima hutembea juu ya miti hiyo kama mabaharia juu ya foromali. Zamani wanawake waliteremsha mavuno kwa makapu mazito mabegani, kidato baada ya kidato, hadi ufukoni vilikongoja vyombo. Kuta hizo si pambo. Ndizo zizuiazo mlima usishuke: usiku wa tarehe 25 Oktoba 1954 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko katika Salerno, Vietri na Maiori, wakafa watu zaidi ya 300. Penye tuta lililoachwa ukuta hubomoka, na penye ukuta uliobomoka udongo hupata njia.

Njia mashuhuri zaidi ni Njia ya Miungu, kiasi cha kilomita 7 kutoka Bomerano, kitongoji cha Agerola, hadi Nocelle juu ya Positano. Yafaa kuianza Bomerano, kwani hivyo mtu huteremka zaidi kuliko kupanda, na aianze saa moja asubuhi, akiwa na viatu vya kushika mwamba, kofia na maji ya kutosha. Asiyependa jabali na apande basi hadi Ravello, ambako bustani za Villa Rufolo ziko juu ya bahari. Mtunzi wa muziki Richard Wagner aliziona mwaka 1880, na tamasha la muziki la kila mwaka hufanywa humo. Kadhalika Salerno isipitwe kama stesheni tu. Hapo palikuwa na chuo cha utabibu kilichosifika Ulaya yote, na katika karne ya 11 alifika Constantine, mtu wa Afrika ya Kaskazini, aliyetafsiri kwa Kilatini vitabu vya matabibu wa Kiarabu, kimojawapo kikiwa ni Zad al-Musafir cha Ibn al-Jazzar wa Kairouan, yaani masurufu ya msafiri.

Chakula kisimtie mtu wasiwasi. Asiyekula nguruwe wala kunywa mvinyo atauliza kwa upole viungo vya kila mchuzi, na atajua kwamba limoncello ni kileo. Lakini samaki, mboga, tambi na maji ya malimau ni tele. Cetara ndiko hutengenezwa colatura: dagaa wavuliwao tangu mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Julai hupangwa kwa tabaka na chumvi ndani ya pipa, hukandamizwa kwa jiwe, na baada ya miezi mingi maji yao ya rangi ya kahawia hudondoka kwa tundu la chini. Matone machache hukoleza sahani nzima ya tambi, na aliyekulia penye dagaa ataitambua ladha hiyo mara moja.

Imebaki adabu. Kanisani mabega na magoti hufunikwa. Dukani mtu huamkia kabla ya kuuliza bei. Vichochoro hupeleka sauti madirishani, basi usiku watu husema polepole. Na limau lililo mtini ni mali ya mtu. Lakini adabu iliyo kubwa kupita zote ni ile ya kuchagua wakati na mahali pa kutumia fedha. Kazi ya matuta ni ngumu, mashine hazifiki, na vijana wengi huiacha kwa ajili ya kazi za hoteli zidumuzo miezi michache. Mgeni ajaye Mei au Juni huurefusha msimu huo. Akilala Minori badala ya kurundikana Positano, akanunua malimau kwa aliyeyachuma na karatasi kwa aliyeitengeneza, ujira wake huwafikia wale ambao bila ya kuta zao hapangekuwa na kijiji cha kutazama. Ndiyo maana nasema kupanga mapema si hesabu ya raha na nafuu peke yake: ni haki ambayo mgeni huwalipa wenyeji kabla hata hajafika.