STESHENI YA ANTWERPEN

Mtoto aliyezoea stesheni ndogo hana shida. Reli ni moja, gari ni moja, na mkuu wa stesheni anamjua baba yake. Katika mji mkubwa si hivyo. Haya, tuitazame stesheni ya Antwerpen, katika nchi ya Ubelgiji.

Jengo lake lilimalizika mwaka wa 1905. Juu yake kuna kuba kubwa lenye kimo cha meta 75, hata mgeni akiingia hudhani ameingia kanisani. Zamani reli zote zilikomea humo. Gari la moshi lililotoka Bruxelles likitaka kwenda Amsterdam, lilipaswa kutoka kwa njia ile ile liliyoingilia. (Twasema gari la moshi kwa mazoea tu; magari ya huko huendeshwa kwa umeme, wala moshi hayana.) Kwa hiyo mafundi walichimba njia chini ya mji, ikafunguliwa mwaka wa 2007. Sasa magari husimama katika orofa tatu, moja juu ya nyingine.

Utalipataje gari lako? Usimfuate mtu kwa sababu anakimbia; labda yeye anakwenda kwao. Simama kwanza mbele ya ubao mkubwa. Hapo pameandikwa saa, jina la mji na namba ya reli. Saa huhesabiwa tangu usiku wa manane: 14.05 ndiyo saa nane na dakika tano mchana. Nayo namba ya reli hukuonyesha orofa. Reli ya 1 mpaka ya 6 ziko juu. Reli ya 11 mpaka ya 14 ziko chini ya ardhi. Reli ya 21 mpaka ya 24 ziko chini kabisa, na hizo ndizo zinazopita chini ya mji. Basi ukisoma 22, usipande ngazi hata kidogo. Shuka mpaka mwisho.

Liko jambo jingine, nalo huwapoteza wengi. Wabelgiji hawana lugha moja. Watu wa Antwerpen husema Kiholanzi, na ubao wao hufuata lugha yao. Mji wa Mons wauita Bergen, na Liège wauita Luik. Mimi nilikuwa nakwenda Liège. Nilisoma ubao toka juu mpaka chini mara tatu, nisione Liège. Nikaona haya kuuliza, maana najua kusoma! Gari la Luik likaondoka, nami nimesimama na tikiti mkononi. Kisha mama mzee, muuza maua, akaitazama tikiti yangu, akacheka, akanionyesha neno kwa kidole. Nikangoja gari la pili muda wa saa nzima.

Saa hiyo sikuipoteza yote. Kando ya stesheni iko bustani ya wanyama, iliyofunguliwa mwaka wa 1843. Humo hutunzwa okapi, mnyama wa msitu wetu wa Ituri.