Habari za Mishale ya Gari Kuukuu

Katika barabara itokayo Mtwarapachani kuja Lusewa hupita magari mengi yaliyozaliwa kabla yetu sisi wanafunzi, na mengine kabla ya wazazi wetu kuoana. Hupakia mahindi, ufuta, korosho, saruji na watu. Na pengine, usiku, hupakia mgonjwa wa kupelekwa Songea. Ukimchungulia dereva wa gari la namna hii utaona ya kuwa mbele yake pana ubao wenye geji nne au tano, naye haangalii hata moja, kwa sababu zimekufa, au hazijafa lakini husema uongo. Mafuta huyapima kwa kijiti. Joto la injini hulijua kwa pua. Ukimwuliza, hujibu, "Kijana, hizo zilikufa zamani, gari latembea tu."

Mjomba wangu ni fundi wa magari, na wakati wa likizo mimi humshikia taa na spana. Nimeona kwake jambo moja ambalo nataka wasomaji wa gazeti letu walijue, hasa wazazi wenye magari. Mara nyingi geji yenyewe haina ugonjwa wo wote. Ugonjwa uko katika waya, au katika kutu, au katika kifaa kilicho mbali kabisa na ubao, na mwenye gari amekwisha nunua geji nyingine bure. Na jambo la pili ni hili: mshale uliokufa hauna hatari nyingi kama mshale unaosema uongo, maana uliokufa hakuna anayeuamini.

Kwanza yafaa kujua jinsi geji inavyofanya kazi. Tuchukue Land Rover 109 ya namna iitwayo Series III, iliyotengenezwa toka mwaka 1971 hata 1985, kwa kuwa hiyo wengi wetu tumeipanda. Ndani ya geji yake ya mafuta mna kipande chembamba cha metali mbili zilizounganishwa, na juu yake umezungushwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya hupata moto. Metali moja hutanuka kuliko nyingine, kipande kikapinda, na kule kupinda ndiko kunakosukuma mshale. (Wenzangu wanaosoma Fizikia wanakumbuka kipande hiki; ndicho hicho kilicho ndani ya pasi ya umeme.) Basi umeme ukiwa mwingi mshale hupanda sana, ukiwa kidogo hupanda kidogo. Ndiyo sababu ukifungua swichi ya Land Rover mshale wa mafuta haurukii mahali pake, bali hupanda polepole kama mzee apandaye ngazi. Gari ambalo mshale wake waruka mara moja, geji yake ni ya namna nyingine, ya koili na sumaku.

Anayeamua umeme upite kiasi gani ni kifaa kilicho ndani ya tangi, ambacho mafundi hukiita sensa. Ni mkono wenye boya. Mafuta yakipanda boya hupanda, na mkono huteleza juu ya waya wenye ukinzani. Tangi likijaa, ukinzani hupungua na umeme hupita kwa wingi. Tangi likikauka, ukinzani huwa mkubwa na mshale hulala. Njia nzima ya umeme ni hii: kutoka betri hadi swichi, fyuzi, kiboksi kidogo kiitwacho stabilaiza, geji, kisha waya mrefu hadi kwenye sensa, halafu bodi ya gari, na kwa bodi hiyo umeme hurudi betri. Ile bodi ndiyo watu huisahau. Kwa macho ni bati tu, lakini kwa umeme ni waya wa kurudia, na bati likila kutu ni sawa na waya uliokatika.

Stabilaiza nayo ina kazi yake. Betri ya gari huitwa ya volti 12, lakini injini ikinguruma hupanda hata kufika 14 hivi. Kama geji zingepokea umeme huo jinsi ulivyo, mafuta yangeonekana kuongezeka kila dereva anapokanyaga pedeli. Kwa hiyo stabilaiza hukata na kuunga, hukata na kuunga, hata wastani wake huwa volti 10.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Swali la kwanza la mjomba wangu kwa mwenye gari ni hili: "Mzee, umeugua mshale mmoja au yote?" Swali hilo peke yake laokoa nusu ya siku. Kama mshale wa mafuta na wa joto yote imelala, haielekei kwamba sensa mbili, moja katika tangi na moja katika injini, zimekufa siku moja. Tafuta mahali zinapokutana: fyuzi, waya wa swichi, au stabilaiza. Na kama yote miwili imepanda kupita kiasi, tangi nusu laonekana limejaa na injini baridi yaonekana ya moto, stabilaiza imeshikana ndani na haikati tena, au skrubu inayoishika kwenye bodi imelegea. Stabilaiza isiyogusa bodi hupitisha nguvu yote ya betri. Hukaza skrubu hiyo, wakasugua kutu kwa msasa, na geji mbili zikapona kwa dakika tano. Kuipima si kazi kubwa: gusa tundu lake la kutolea umeme kwa taa ya kupimia. Taa ikipepesa, yaani ikiwaka na kuzimika, stabilaiza ni nzima. Ikiwaka bila kupepesa, mbovu. Isipowaka kabisa, angalia kwanza kama umeme waingia, usije ukailaumu bure.

Ikiwa mshale mmoja tu ndio mgonjwa, tuseme wa mafuta, nenda kwenye tangi. Chomoa waya wa sensa, fungua swichi: mshale yapasa ulale chini. Kisha ufikishe umeme wa waya huo kwenye bodi, kwa kupitia balbu ndogo ili kuilinda geji, na mshale yapasa upande kuelekea alama ya kujaa. Ukipanda, basi geji ni nzima, waya mrefu ni mzima, stabilaiza ni nzima. Mgonjwa ni sensa, au njia ya sensa kurudi kwenye bodi. Usipopanda, nenda nyuma ya ubao, ufanye vile vile kwenye ncha ya geji inayokwenda sensa. Ukipanda hapo, waya mrefu umekatika njiani, aghalabu pale unapopita karibu na chesesi na kusuguliwa na mawe. Katika baadhi ya magari ya Marekani mambo ni kinyume: waya ukigusa bodi mshale hulala. Kwa hiyo ujue gari lako kabla ya kutoa hukumu.

Hapa ni lazima nitoe onyo. Cheche ya umeme na mvuke wa petroli havikai nyumba moja. Kifuniko cha tangi kifungwe, sensa isiwe imefunguliwa, na waya wa kupimia uwe mrefu ili mguso ufanyike mbali na tangi. Na siku ya kuitoa sensa, betri ivunjwe kwanza. Nimepata kuona mtu akimulika ndani ya tangi kwa kiberiti ili aone boya. Lilikuwa la dizeli, ndiyo maana angali na nyusi zake.

Kabla ya kuitoa sensa, jaribu jambo moja zaidi: chukua kipande cha waya, ncha moja ishike kwenye mwili wa sensa, ncha ya pili kwenye chuma safi cha chesesi. Mshale ukiamka, hakuna kilichokufa ila eathi. Jambo hili hutokea sana baada ya tangi kuchomelewa na kupakwa rangi. Rangi nzuri, mpira mpya, gundi nyingi, na sensa yakaa juu ya mto kama bwana arusi. Umeme hauna pa kupita. Ikiwa si hivyo, itoe. Tikisa boya sikioni. Likilia chubu-chubu limetoboka na kuzama, ndiyo sababu gari limejaa mafuta na geji yasema hakuna. Na kama mshale huwa sawa lakini ukifika nusu huanguka ghafula, ule waya wa ukinzani umelika hapo katikati, mahali ambapo mkono umetembea miaka yote. Maana kwetu ni matangi machache yanayojazwa.

Geji ya joto hupimwa kwa njia hiyo hiyo, lakini sensa yake haina boya. Ni kitu kama bolti kilichofungwa penye maji ya injini, na ndani yake mna punje ambayo ukinzani wake hupungua kadiri inavyopata moto. Waya ukichomoka, mshale hulala baridi. Waya ukigusa bodi, mshale hukimbilia moto na kukaa huko. Fundi asiyejua huzungushia nyuzi za bolti hiyo utepe mwingi ili maji yasivuje, akaitenga na bodi, na mshale ukasoma chini kuliko kweli. Kadhalika sensa ya gari jingine yaweza kuingia vizuri kabisa katika tundu lakini hesabu yake si ya geji ile. Ukitaka kuhakikisha, mita ya umeme na sufuria ya maji vyatosha: ning'iniza ncha ya sensa katika maji, bandika jikoni, na utaona ukinzani ukishuka kadiri maji yanavyokaribia kuchemka. Usiposhuka, sensa imekufa. Napenda jaribio hili lifanywe katika maabara yetu, kwa kuwa halihitaji kitu tusicho nacho.

Lakini kuna uongo mmoja wa geji ya joto ambao si wa waya wala wa sensa, na huo ndio ulionifanya niandike. Sensa hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha, hupima hewa. Mwaka juzi gari moja la mizigo lilikuwa likipanda mlima na mahindi. Mshale wa joto ulipanda hata karibu na alama nyekundu, kisha ukashuka wenyewe mpaka chini. Dereva akashukuru, akasema injini imepoa kwa upepo, akaongeza mwendo. Kumbe mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yamemwagika njiani. Injini ilipokaa kimya, silinda hedi ilikuwa imepinda na gasketi imeungua. Mwenye gari ni mzazi, na fedha alizokuwa ameweka kwa ada ya mtoto wake zilikwenda Songea kununua hedi. Mtoto huyo alirudi shuleni wiki tano baada ya wenzake.

Basi mshale wa joto ukishuka ghafula wakati gari linapanda mlima na mzigo, simama mara moja, uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe. Mvuke wake huunguza uso kabla hujaurudisha nyuma. Na usitie maji baridi katika injini iliyokauka ingali moto, maana chuma hupasuka. Kungoja nusu saa chini ya mwembe si hasara. Baadhi ya madereva wazee hufunga taa ndogo nyekundu iwakayo maji yanapopungua, nami naona ni fedha kidogo sana kwa kazi kubwa.

Kuhusu oili sina maneno mengi. Taa ya oili ikiwaka njiani, au mshale wake ukianguka, huo si wakati wa kupima waya. Zima injini kwanza, chomoa kijiti, utazame oili. Ikiwa oili ipo ya kutosha, fundi afunge geji ya mkono isiyotumia umeme mahali pa swichi ya oili, ndipo ajue kama kasoro ni ya swichi au ya pampu. Injini yaweza kufa katika muda wa kubishana.

Spidomita ya magari haya haina umeme kabisa. Waya wa chuma uliosokotwa hutoka giaboksi, huzunguka ndani ya mpira wake, na kuzungusha sumaku iliyo ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini mzunguko wake hukivuta kikafuata, na kamani nyembamba hukizuia. Mshale umeshikwa na kikombe hicho. Otto Schulze wa Strasbourg ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huu mwaka 1902, na kwa miaka mingi magari ya dunia nzima yaliutumia. Mshale ukitikisika kama mtu mwenye homa, waya huo umekauka grisi au umekunjwa mno. Ukilala kabisa huku namba za kilomita nazo zimesimama, waya umekatika au jino la plastiki katika giaboksi limelika. Namba zikiendelea na mshale umelala, hapo ndipo geji yenyewe ina hatia.

Mwisho ni taa nyekundu ya chaji. Watu huiona kuwa balbu tu, ikiungua huiacha, tena hufurahi kwamba haiwasumbui. Katika magari mengi ya zamani yenye alteneta, umeme unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Balbu ikiungua, alteneta yaweza kulala, betri ikaliwa kidogo kidogo, na gari likagoma asubuhi bila kuonya. Kwa hiyo unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, hesabu taa zinazowaka mbele yako. Taa ya chaji ni lazima iwake hapo, kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, anza na balbu. Bei yake ni ndogo kuliko soda.