Mbwa Wako Amemeza Dawa za Binadamu? Fanya Haya Haraka

Umeacha vidonge mezani, ukirudi unakuta pakiti imetafunwa na mbwa anatikisa mkia kama kawaida. Usidanganyike kwamba yuko salama. Madhara ya dawa nyingine huonekana baada ya saa kadhaa, hata siku.

Panadol ikizidi huharibu ini la mbwa na kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni vizuri. Diclofenac na ibuprofen huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Fanya hivi:

1. Mtoe mbwa hapo, okota vidonge vyote vilivyobaki.

2. Hesabu ujue amemeza vingapi. Soma jina la dawa na miligramu zake.

3. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mtajie dawa, idadi, muda na uzito wa mbwa.

4. Ukienda kwake, beba na pakiti.

Usimtapishe kwa maji ya chumvi, maana chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Maziwa pia hayaui sumu. Daktari akimuwahi, anaweza kumtapisha kwa sindano, na hilo husaidia zaidi ndani ya saa moja au mbili za mwanzo.

Ukiona anatapika damu, ufizi umekuwa wa bluu au kahawia, anahema kwa shida au ana degedege, usipoteze hata dakika.

Na siku mbwa akiumwa, usimpe Panadol "nusu tu" bila kumuuliza daktari.