Sura ya Sita: Serikali ya Marekani Ikisomwa Meru na Embu

Mwanafunzi wa kidato cha nne anapokaribia kumaliza somo la Historia na Serikali, hukutana na mada ya uchaguzi na serikali katika nchi tatu: Uingereza, Marekani na India. Katika shule za Meru na Embu, kama kwingineko Kenya, mada hii huja mwaka wa mtihani, silabasi ikikimbizwa na marudio yakiwa mlangoni. Ndiyo maana serikali ya Marekani hukaririwa kwa orodha: kazi za rais, kazi za Kongresi, sifa za mgombea. Mtahiniwa huimwaga orodha ile kwenye karatasi ya KCSE, hupata alama zake, kisha huisahau.

Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu Katiba ya Kenya ya 2010 inakaribiana na mfumo wa Marekani kuliko wa Uingereza. Rais hakai bungeni. Mawaziri si wabunge, nao husailiwa na Bunge kabla ya kuapishwa. Kuna Bunge la Taifa na kuna Seneti. Mahakama inaweza kufuta sheria inayokiuka Katiba. Tena, kaunti za Meru na Embu zimeonja mambo ambayo wanafunzi wengi duniani huyasoma vitabuni tu. Ninachoshikilia katika sura hii ni kwamba mwanafunzi wa huku ataielewa Marekani vizuri zaidi akianza na yaliyotokea kwao.

Anayeshtaki na anayehukumu

Tuanze na swali ambalo waandishi wa Katiba ya Marekani walilijadili Philadelphia mwaka 1787: kiongozi aliyechaguliwa akivunja sheria, nani amwondoe? Jibu lao lilikuwa kuigawa kazi hiyo. Baraza la Wawakilishi, ambalo leo lina wajumbe 435, hushtaki kwa wingi wa kawaida wa kura. Seneti, yenye wajumbe 100, husikiliza kesi, na haiwezi kumtia hatiani mtu yeyote pasipo thuluthi mbili ya waliohudhuria.

Kizingiti hicho ni kirefu. Mwaka 1868 Rais Andrew Johnson alinusurika kwa kura moja: maseneta 35 walimwona ana hatia na 19 wakakataa, ilhali zilihitajika 36. Bill Clinton aliachiliwa mwaka 1999, na Donald Trump mwaka 2020 na tena 2021. Richard Nixon alijiuzulu mwaka 1974 kabla ya kufikishwa mbele ya Seneti. Hakuna rais wa Marekani ambaye ameondolewa na Seneti.

Kwa gavana wa Kenya, utaratibu umewekwa na Kifungu cha 181 cha Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Sababu zinazokubalika ni nne: kukiuka pakubwa Katiba au sheria nyingine, kuwepo kwa sababu nzito za kuamini kwamba ametenda jinai, kutumia ofisi vibaya au kufanya utovu mkubwa wa nidhamu, na kushindwa kufanya kazi kwa ajili ya hali ya mwili au akili. Hoja huletwa ikiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wawakilishi wadi. Thuluthi mbili ya wote wakiipitisha, gavana amekwisha kushtakiwa, lakini hajaondoka. Kesi huenda Nairobi, kwenye Seneti, ambayo huisikiliza kupitia kamati ya maseneta 11 au katika kikao cha wote. Katika kura ya mwisho kila kaunti huwa na sauti moja. Kwa kuwa kaunti ni 47, zinahitajika kura 24.

Embu, 2014

Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza nchini kupitishwa katika njia hiyo. Januari 2014 Bunge la Kaunti ya Embu lilimshtaki, miongoni mwa madai yakiwa ukiukaji wa sheria za ununuzi wa umma, ukarabati wa Uwanja wa Embu, na mbegu za mahindi walizopewa wakulima zikakosa kuota. Februari Seneti ikamwondoa. Aprili Mahakama Kuu ya Kerugoya ikabatilisha hatua hiyo, kwa sababu bunge la kaunti lilikuwa limeendelea na hoja ilhali kulikuwa na amri ya mahakama ya kulizuia. Wawakilishi wakamshtaki upya, na Mei Seneti ikamwondoa kwa mara ya pili. Kesi zikaendelea mahakamani, yeye akabaki afisini, na mwaka 2017 wapiga kura wa Embu wakamchagua tena.

Mwanafunzi aitazame kesi hii kwa makini. Ndani yake mihimili yote inaonekana ikifanya kazi: bunge la kaunti linashtaki, Seneti inahukumu, mahakama inakagua kama sheria ilifuatwa, na mwananchi anasema lake kwenye debe. Mwalimu aliye na kesi ya Embu mkononi hana haja ya kuumiza kichwa akieleza maana ya mihimili kudhibitiana.

Meru, 2022 hadi 2025

Meru ikatoa somo la pili. Gavana Kawira Mwangaza alishtakiwa na bunge la kaunti mara tatu. Desemba 2022 kamati ya maseneta 11 iliona madai hayakuthibitishwa. Novemba 2023 kikao cha Seneti nzima kikamwondolea mashtaka yote. Agosti 2024 bunge la kaunti, lenye wajumbe 69, lilihitaji kura 46, nalo likapata 49. Safari hii Seneti ikamwondoa. Mahakama ikasimamisha uamuzi huo, kisha Machi 2025 Mahakama Kuu ikauidhinisha, na naibu wake, Isaac Mutuma M'Ethingia, akaapishwa.

Hapa ndipo tofauti kubwa na Marekani inapojitokeza. Kule, gavana wa jimbo huhukumiwa na bunge la jimbo lake. Rod Blagojevich wa Illinois aliondolewa Januari 2009 na seneti ya Illinois yenyewe, wala Washington haikuhusika. Kenya ilichagua hakimu wa mbali, asiyegombania wadi wala zabuni za kaunti. Mara mbili hakimu huyo aliwakatalia wawakilishi wa Meru waliokuwa na kura za kutosha nyumbani. Uamuzi huo wa waandishi wa Katiba yetu ulikuwa wa busara, nami nautetea: mahali ambapo gavana na wawakilishi wanavutana kila siku kuhusu bajeti, ni salama zaidi hukumu itoke nje ya mvutano.

Muguka na mipaka ya kaunti

Mfano wa tatu unatoka mashambani Mbeere, katika Kaunti ya Embu, kunakolimwa muguka, aina ya miraa. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa, kisha Kilifi, zilipiga marufuku muguka, zikitaja afya ya vijana wao. Hofu ya wazazi wa Pwani ilikuwa ya kweli; na riziki ya mkulima wa Embu ni ya kweli pia. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hizo kesi ikisubiri kusikilizwa.

Swali lililokuwa mbele ya mahakama, kama kaunti inaweza kuifungia bidhaa ya kaunti nyingine, lina ndugu yake mkubwa Marekani. Mwaka 1824, katika kesi ya Gibbons dhidi ya Ogden, iliyohusu meli za mvuke baina ya New York na New Jersey, Mahakama ya Juu iliamua kwamba biashara inayovuka mipaka ya majimbo iko chini ya Kongresi, na jimbo haliwezi kuifunga kwa sheria yake. Katiba ya Kenya nayo, katika Kifungu cha 209, inazikataza kaunti kutumia mamlaka yao ya kodi kuzuia bidhaa zisitembee nchini. Mwanafunzi wa Siakago, huko Mbeere, anayejua gunia la muguka husafirishwa vipi ataifahamu kesi ya Gibbons siku moja tu.

Kwa mwalimu na mwanafunzi

KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni ya 2027, na Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026 ikiwa na somo la Historia na Uraia. Jina la somo limebadilika. Mazoea ya kukariri yasipobadilika, tutakuwa hatujafanya lolote.

Basi mwalimu, ipangie mada hii ziara. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani. Wapeleke wanafunzi mjini Meru au Embu, wakae sehemu ya umma, wahesabu kura wenyewe, na wakirudi darasani waulize kama ingekuwa Washington jambo lile lingeamuliwaje. Nawe mwanafunzi, usingoje ufikishe miaka 18 ndipo uijue wadi yako na mwakilishi wake. Vifungu nilivyovitaja humu ni vyako leo, vifungue uvisome.