Kinanda cha Akiba Kifanane na Kile Kikuu

Bendi inayotumikia kambi, iwe ya jeshi au ya polisi, na hata kwaya ya wake wa askari, ina siku ambazo haiwezi kuziahirisha. Arusi imekwisha tangazwa, turubai limesimamishwa, wageni wamefika kutoka mbali, na hakuna atakayekubali kuambiwa kwamba muziki hautakuwapo kwa sababu kinanda kimekataa kuwaka. Ndiyo maana bendi nyingi hujitahidi kununua kinanda cha pili. Hilo ni jambo jema, nasi tunawapongeza waliolifanya. Hata hivyo, kinanda cha pili kilichonunuliwa na kuwekwa tu hakijawa bado kinanda cha akiba. Askari wataelewa upesi nisemalo: bunduki mbili za aina moja, zilizotoka katika sanduku moja, hazipigi mahali pamoja mpaka kila moja imelengeshwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la wapiga muziki liletwe katika kurasa za nyumbani. Jibu lake ni kwamba kinanda cha akiba mara nyingi hakikai ghalani. Hukaa nyumbani kwa mpigaji, juu ya kabati au chini ya kitanda, na mke na watoto ndio wanaokilinda au wanaokivuruga.

Katika mwaka wa 2019 nilihudhuria arusi moja ambayo umeme wake ulitoka katika jenereta. Jenereta ilizimika, kisha ikarudi kwa nguvu nyingi kupita kiasi, na kinanda kikuu kikanyamaza kabisa. Vijana walifanya kazi yao vizuri; kabla ya dakika 5 kupita, kile cha akiba kilikuwa kimewekwa na kuwashwa. Bibi arusi akaanza kuingia. Mpigaji akaweka vidole, na sauti iliyotoka ilikuwa chini ya tarumbeta kwa nusu toni nzima! Siku chache kabla ya hapo, katika mazoezi, kinanda kile kilikuwa kimeshushwa kwa ajili ya mwimbaji mwenye sauti nzito, na mteremko ule ukahifadhiwa katika kumbukumbu pamoja na mpangilio wa wimbo. Tarakimu ya kutoa moja ilikuwa imeandikwa katika kidirisha, lakini ni nani wa kuitazama wakati bibi arusi yumo njiani? Mpigaji akazima sauti, na ngoma na tarumbeta zikamsindikiza binti hadi kitini. Kinanda kile hakikuwa na ubovu wowote.

Basi jambo la kwanza kulinganisha ni kimo cha sauti, nalo lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna kile kipimo cha jumla, ambacho kwa kawaida huwekwa ili noti ya La ya katikati iwe hezi 440, na kuna kule kuhamisha kinanda chote juu au chini kwa nusu toni. Viangaliwe vyote viwili. Kipimo cha jumla kikikosewa kidogo tu, kosa lake ni baya kuliko lile la nusu toni, kwa kuwa halijulikani mara moja; gitaa litaonekana ndilo lenye makosa, na mpiga gitaa wa watu atalaumiwa usiku kucha.

Baada ya kimo huja sauti zenyewe, yaani piano, ogani, filimbi, nyuzi na zile ambazo mpigaji amezitengeneza kwa mkono wake. Hapa yafaa tuchukue kinanda kimoja kinachojulikana sana, Yamaha DX7, kilichotoka Japani mwaka wa 1983 na ambacho hadi leo kimo mikononi mwa wapigaji wengi. Nakichagua kwa sababu kinaonyesha waziwazi ni nini kinachosafiri kutoka kinanda kimoja hadi kingine, na ni nini kinachobaki nyuma.

DX7 ina nafasi 32 za sauti katika kumbukumbu yake ya ndani. Kuzinakili moja moja kwa mkono ni adhabu, kwa maana kila sauti ina vipimo zaidi ya 100. Lakini mwaka ule ule wa 1983 ulizaliwa utaratibu uitwao Midi, uliotokana na mapatano ya watengenezaji wa Marekani na Japani, ambao Dave Smith na Ikutaro Kakehashi walikuwa vinara wao. Kwa utaratibu huo kinanda cha kampuni moja huweza kuzungumza na cha kampuni nyingine kwa waya wenye kichwa cha mviringo cha pini 5. Waya hutoka katika tundu la kutolea la kinanda kikuu na kuingia katika tundu la kupokelea la kile cha akiba. Kinachopokea kiwekwe katika chaneli ya 1, kwa kuwa DX7 ya kwanza hutuma katika chaneli hiyo peke yake. Kifunguliwe ulinzi wa kumbukumbu, ambao kwa kawaida hukataa chochote kuandikwa. Na vyote viwili viruhusiwe kupeana habari za ndani. Kisha mpigaji huamuru kutuma, na kwa muda wa sekunde moja na ushei sauti zote 32 zimekwisha fika. Zile zilizokuwamo zimefutika papo hapo, kwa hiyo aliye na sauti anazozipenda katika kile cha pili azihifadhi kwanza.

Wengi huishia hapo, wakakunja waya na kwenda zao. Lakini katika DX7 ya kwanza, mambo kadhaa hayamo ndani ya sauti, na kwa hiyo hayasafiri pamoja nayo. Gurudumu la kupindisha sauti laweza kuwekwa lisipinde kabisa, au lipinde hata nusu toni 12, yaani oktava nzima. Mpigaji aliyezoea kupinda nusu toni 2, akilisukuma gurudumu la kinanda kilichowekwa 12, sauti itaruka kama king'ora cha zimamoto. Kadhalika hali ya kupiga noti nyingi au noti moja moja. Kinanda kikiwa katika hali ya noti moja, mpigaji ataweka vidole vinne na kusikia kimoja. Aidha kipimo cha jumla cha kimo, na kazi zilizopewa gurudumu la pili na pedali. Haya yote huwekwa kwa mkono, moja baada ya jingine, na huandikwa katika karatasi.

Yako mambo ya betri pia. Kumbukumbu ya DX7 huhifadhiwa na betri ndogo ya volti 3 iliyofungwa ndani. Ikifa, sauti zote hupotea mara kinanda kinapozimwa, na kinanda cha akiba kilichokaa miaka bila kuguswa ndicho kitakachowashangaza watu. Betri hiyo ibadilishwe na fundi, si kwa kisu cha jikoni.

Vinanda vya siku hizi huhifadhi mipangilio katika vijiti vya kumbukumbu, na kazi ni nyepesi zaidi ikiwa vinanda vyote viwili ni vya namna moja kabisa. Vikitofautiana, hata vikiwa vya kampuni moja, faili la kimoja huenda lisisomwe na kingine. Wapo wanaotegemea ule mpango wa sauti 128 uliokubaliwa mwaka wa 1991. Mpango huo ni msaada, lakini haukulazimisha sauti zifanane. Umelazimisha tu ziwe zile zile kwa mpangilio ule ule, na piano ya kinanda kimoja yaweza kung'aa hali ya kingine imefifia. Tena kuna mtego wa kuhesabu: vinanda vingine huanza na 1 na vingine huanza na 0. Ogani ya kanisa ni namba 20 kwa hesabu ya kwanza na 19 kwa hesabu ya pili. Aliyeandika 20 akaitumia katika kinanda kinachoanza na 0 atapata ogani ya jirani yake, na kwaya itageuka kumtazama.

Kwa maoni yangu, bendi yenye fedha chache ni afadhali inunue vinanda viwili vya kadiri vilivyo sawa kuliko kimoja cha fahari pamoja na kingine mgeni kisichofahamika. Na fedha hizo zitoke katika mfuko wa bendi. Si haki mpigaji alipe kwa mshahara wake huku ada za watoto zikingoja.

Ukubwa wa sauti ulinganishwe kwa masikio, katika spika ile ile, kwa wimbo ule ule na mkono ule ule, kisha alama iwekwe kwa kipande cha utepe penye kitufe cha sauti. Wepesi wa vibao nao uangaliwe, maana vinanda vingi huweza kuwekwa viitikie kwa mguso laini au mzito. Pedali ni jambo la kuchekesha kidogo: kampuni hazikukubaliana ni upande gani uwe wa kufungua na upi wa kufunga, na pedali ya kampuni nyingine yaweza kufanya kazi kinyume, sauti ikavuma mguu unapoinuliwa. Vinanda vingi huitambua pedali wakati wa kuwashwa, kwa hiyo mpigaji asiikanyage wakati huo. Adapta ya umeme ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kichwa chake chaweza kuingia vizuri katika tundu, lakini volti ni nyingine, au chanya na hasi zimepishana, na kinanda kikaungua. Kila adapta ifungwe utepe wenye jina la kinanda chake.

Kuhusu watoto, sioni sababu ya kuwakataza. Mtoto anayegusa kinanda cha baba yake leo ndiye mpigaji wa kesho, na akina mama wengi wameniambia kwamba ndicho kinachowatuliza watoto jioni. Lakini kabla ya kuwaachia, mpangilio wote unakiliwe katika kijiti cha kumbukumbu kitakachokaa mbali nao, na siku moja kabla ya shughuli urudishwe upya kinandani.

Mara moja kwa mwezi bendi ifanye mazoezi mazima kwa kinanda cha akiba peke yake, kile kikuu kikiwa kimefunikwa. Na kila mpigaji anapobadili chochote katika kinanda kikuu, aandike tarehe katika karatasi mbili, moja ikae na kikuu na nyingine ibandikwe chini ya kile cha akiba baada ya kukirekebisha. Tarehe hizo zikipishana, cha akiba kisipakiwe garini mpaka kimenakiliwa upya.