Paa lavuja, mtoto akohoa: ni jukumu la nani?

Mvua za Novemba zikishika Tawa, nyumba za kupanga zenye mabati yaliyotoboka hulowa kuta, na haichukui muda ukungu mweusi kuota. Ukungu huo hutoa chembe zisizoonekana kwa macho. Mwenye pumu akizivuta, njia zake za hewa huvimba na kubana. Hukohoa usiku na kifua hulia kama filimbi. Dawa ya kupuliza humtuliza, lakini akirudi kulala chumba kile kile, taabu hurejea.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, humtaka mwenye nyumba aiweke katika hali ya kufaa binadamu kuishi muda wote wa upangaji. Lakini mpangaji usinyamaze. Mwarifu kwa maandishi mara uonapo tone la kwanza, uweke nakala yenye tarehe, hasa ukitaka kudai godoro lililooza. (Wengi huogopa kufukuzwa, naelewa.) Unyevu wa mvuke wa kupikia dirisha likiwa limefungwa, huo ni wako.

Akikaidi, nenda ofisi ya afya ya umma. Chini ya Sura ya 242, kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, notisi ya kuiondoa humwendea mwenye nyumba. Huku ukingoja, sogeza kitanda mbali na ukuta.