Ngitili: Jinsi Wakulima wa Shinyanga Walivyourudisha Msitu Wao

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja mwenye shamba la urithi alisimama akauliza: "Miche ya mikarafuu tunapanda kila mwaka, na kila mwaka mbuzi na ng'ombe huila. Nani atatulindia?" Wengine walijibu kuwa ni kazi ya Serikali, wengine wakasema ni kazi ya Sheha, na mkutano ukafungwa bila ya jawabu. Niliahidi kuandika machache katika gazeti letu hili. Jawabu nililolipata limetoka mbali na bahari, kwa wakulima na wafugaji wa Kisukuma, na kwa maoni yangu linatufaa.

Mji wa Shinyanga uko bara, kusini ya Ziwa Victoria. Mtu anayekaa katika kata ya Ngokolo, mjini humo, hununua maziwa, asali na kuni kama sisi tununuavyo samaki sokoni, na pengine hafikiri kuwa vitu hivyo vina watu wake. Watu wenyewe wako vijijini, na habari hii ni yao.

Zamani nchi ile ilikuwa na miti mingi. Katika miaka ya 1920 na baadaye, vichaka vingi vilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, wale inzi wanaoua ng'ombe na kuwaletea watu ugonjwa wa malale. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na kuni zikatakiwa kila siku. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa makwao wakakusanywa mahali pamoja. Waliyoyaacha nyuma hayakuwa na mlinzi tena. Ilipofika miaka ya 1980 ardhi ilikuwa tupu na udongo unachukuliwa na maji. Wanawake walikwenda masafa marefu kutafuta kuni, na pengi samadi ya ng'ombe iliwashwa jikoni badala ya kutiwa shambani.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, na baadaye Norway ikasaidia kwa fedha. Miche ya vitalu iligawiwa. Lakini sehemu kubwa ya msitu uliorudi haikupandwa na mtu. Chini ya ardhi ile iliyoonekana imekufa mlikuwa na mizizi na visiki vilivyo hai bado. Kilichotakiwa ni mifugo, shoka na moto viwekwe mbali kwa miaka michache, na miti ichipue yenyewe.

Hapo ndipo ilipokumbukwa desturi ya wazee, nayo ni ngitili. Kwa Kisukuma ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa. Mvua zinapoanza, mifugo hutolewa humo, na majani na miti huachwa vikue. Kiangazi kinapokaza na malisho ya nje yamekwisha, ngitili hufunguliwa, tena kidogo kidogo, sehemu hii ikimalizika ndipo inapoguswa nyingine. Ng'ombe wa kulima, ndama na wanyama wagonjwa ndio waliokuwa wakifikiriwa kwanza, maana ng'ombe wa jembe akifika kwenye mvua hana nguvu, shamba la bwana wake halilimwi. Ziko ngitili za nyumba moja moja, na ziko za kijiji kizima au za skuli.

Nani alilinda? Wanakijiji wenyewe. Wasukuma wana baraza lao la jadi linaloitwa dagashida, ambapo watu hukaa wakapanga sharia na kuamua adhabu ya mwenye kuzivunja. Wana pia sungusungu, walinzi wa kijiji waliojulikana sana tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwa kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwenye kuingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alitozwa faini na jirani zake, watu anaokutana nao kisimani na mazikoni. Baadaye serikali za vijiji ziliziandika sharia hizo zikapata nguvu zaidi.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 1986 zilihesabiwa ngitili za hekta 600 hivi tu. Ilipofika mwaka 2004, mpango wa HASHI ulipomalizika, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. (Mkoa huo ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, mwaka 2012 sehemu zake nyingine ziliingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita.) Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na kwa mwanakijiji faida ilikuwa karibu zaidi: kuni jirani na nyumba, miti ya kujengea, majani ya kuezekea, dawa, uyoga, asali, na malisho ya kiangazi. Vijiji vingine viliuza mazao ya ngitili vikapata fedha za madarasa na zahanati.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na maskini akapata kipande kidogo au akategemea ile ya kijiji. Watu wanazidi, na tamaa ya kuchoma mkaa haijafa. Desturi ikiachwa bila ya kuangaliwa, huweza kupotea mara ya pili kama ilivyopotea ya kwanza.

Sasa nije kwetu. Mche wa mkarafuu huchukua miaka sita mpaka minane kabla ya kuzaa. Ng'ombe huumaliza kwa dakika moja. Sisi tumejaribu makatazo, na makatazo hayakutusaidia. Nadhani sababu ni kuwa tumemwambia mwenye mifugo "usiingie" tu, wala hatukumwambia atalisha wapi na lini. Ngitili ina siku ya kufungwa na siku ya kufunguliwa. Mfugaji anayejua kuwa majani yale yatakuwa yake wakati wa shida, huyalinda kwa macho yake mwenyewe.

Kwa hivyo nawaletea shauri la kujadili mkutano ujao. Kwanza, kila shehia itaje mashamba yenye miche michanga, ya urithi na ya eka tatu sawasawa, na mipaka yake ijulikane. Pili, mifugo isiingie humo kabisa, lakini majani ya chini ya mikarafuu yawe ya wafugaji wa shehia ile, wayakate kwa mikono na kuyapeleka bandani. Sisi kila msimu hulipa watu kufyeka chini ya mikarafuu kabla ya kuchuma, ili karafuu zinazoanguka zionekane. Basi kazi hiyo wataifanya wao, nao watapata chakula cha ng'ombe. Tatu, zamu ya ulinzi na kiasi cha faini vipangwe na pande zote mbili, wakulima na wafugaji, wakikaa jamvi moja.

Tafadhalini, kila mwanachama amwalike jirani yake mwenye mifugo, hata kama wamegombana. Yeye hasa ndiye tunayemhitaji mkutanoni.

Wassalaam,
Katibu wa Chama